Bibi aliyeyumba wakati wa sala: kisa cha ganzi ya miguu baada ya dripu za saratani

Kanisani walipoambiwa "tusimame tuombe", Bibi alisimama kama wenzake, akafumba macho, akaanza kwenda upande taratibu kama mgomba uliokatwa. Mama wa pembeni alimdaka kiunoni. Waliokuwa benchi la nyuma walidhani Roho amemshukia, na mmoja akapandisha sauti ya sala. Bibi alinisimulia hayo huku akicheka, lakini muda wote mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania ukingo wa kiti changu cha ofisini. Alipomaliza kucheka akasema: "Mwanangu, sikuanguka kwa Roho. Sakafu iliondoka."

Mimi ni mtu wa mazoezi, yaani fiziotherapia, katika hospitali moja mkoani Mbeya. Kisa hiki nimekishona kutoka kwa wagonjwa zaidi ya mmoja, na mambo kadhaa nimeyahamisha ili asitambulike mtu. Nakiandika kwa sababu mwanzoni nilikosea, na kosa lenyewe naliona likirudiwa na wenzangu.

Bibi ana miaka 71. Anaishi kwenye miteremko ya Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu, na mjukuu wake wa darasa la sita. Alipatikana na saratani ya titi la kushoto, akafanyiwa upasuaji, kisha akaanza dripu: nne za mwanzo ni zile ambazo wagonjwa wanaziita "nyekundu", halafu nne za paklitakseli, moja kila baada ya wiki tatu. Alimaliza mwezi wa tano. Tangu hapo anakunywa kidonge cha anastrozoli kila siku, cha kuzuia saratani isirudi. Ganzi ilianza baada ya dripu ya pili ya paklitakseli. Kwanza ncha za vidole vya miguu, kisha unyayo mzima, kisha ikapanda hadi kwenye vifundo. "Ni kama nimevaa soksi ambazo hazivuliki," alisema. Mikononi ilikuwa nyepesi zaidi, lakini vifungo vya blauzi alikuwa anafungiwa na mjukuu. Kila alipoulizia aliambiwa itaisha yenyewe. Alifika kwangu mwezi wa kumi, na haikuwa imeisha.

Wagonjwa huniuliza kwa nini ganzi ianzie vidoleni wakati dawa iliingia mkononi. Huwa najibu kwa reli. Chembe ya neva inayohudumia kidole gumba cha mguu ina makao yake karibu na uti wa mgongo, chini kiunoni, na uzi wake unasafiri karibu mita nzima mpaka kidoleni. Ndani ya uzi huo mna vijirija vyembamba mno ambavyo chakula na vipuri vyote vya neva hupita juu yake, kama behewa juu ya chuma. Paklitakseli huua chembe za saratani kwa kuvikamata vijirija hivyo na kuvikaza, hivyo chembe inashindwa kujigawa. Neva haijigawi, lakini vijirija ni vile vile. TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mabehewa yakianza kusuasua, wa kwanza kukosa mzigo ni watu wa stesheni ya mwisho. Kidole gumba cha mguu ndiyo Kapiri Mposhi ya mwili. Bibi aliipenda hiyo, maana marehemu mumewe aliwahi kubeba mawe kwenye ujenzi wa reli hiyo.

Kabla sijamgusa kwa zoezi lolote, kulikuwa na jambo moja la kuhakikisha. Saratani ya titi hupenda kuhamia kwenye mifupa, na ikikaa kwenye uti wa mgongo inaweza kuminya uti wa fahamu, ule mkanda mkuu wa neva unaopita ndani yake. Mtu wa namna hiyo naye atakwambia miguu inakufa ganzi na anayumba. Ukimpeleka kwenye mazoezi badala ya kumkimbiza kwa daktari, unaweza kumfanya asitembee tena maisha yake yote. Basi nilimwuliza kama mgongo unamwuma, hasa usiku akiwa amelala. Hapana. Mkojo unamtoka bila kujua, au unagoma kutoka? Hapana. Anahisi anapojipangusa chooni? Hapo alinitazama vibaya kidogo, akasema ndiyo. Nikachukua nyundo ndogo. Magoti yaliruka kama kawaida. Kano za visigino hazikujibu chochote, mguu wa kulia wala wa kushoto. Nilipochora unyayo kwa mpini wa nyundo, kidole gumba kilikunja kwenda chini, inavyotakiwa. Kingepanda juu, na magoti yangeruka kwa nguvu kupita kiasi, kisa hiki kingekuwa cha uti wa fahamu.

Kisha uma wa chuma unaotetema, ule wa hezi 128. Niliugonga nikauweka kwenye mfupa wa kidole gumba: kimya. Kwenye kifundo: kimya. Katikati ya muundi akasema, "Hapo kuna nyuki." Uzi wa nailoni wa gramu 10, yaani unaopinda ukikandamizwa kwa uzito huo, aliuhisi sehemu tatu kati ya kumi. Nilimwambia afumbe macho, nikashika kidole gumba chake pembeni kwa vidole viwili, nikawa nakipandisha na kukishusha, yeye aseme kimeelekea wapi. Alipata mara tano katika kumi. Ungerusha shilingi hewani ungepata hizo hizo tano.

Alisimama miguu imegusana, macho wazi, nusu dakika bila shida kubwa. Akafumba: sekunde nne, nikamdaka. Hiki ni kipimo cha Romberg, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, na Bibi alikuwa amekwisha kukifanya kanisani bila kujua.

Mtu husimama kwa vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka nyayoni na kwenye vifundo. Kimoja kikipungua, vingine viwili huongeza kazi. Kwa Bibi nyayo zilikuwa zimenyamaza, na macho ndiyo yamekuwa miguu yake. Sasa tazama hayo macho yenyewe: la kulia lina mtoto wa jicho aliyeiva, la kushoto linaanza. Hakuna aliyekuwa ameandika jambo hilo kwenye faili la saratani, na ninaelewa, faili la saratani lina mengi ya kuandikwa.

Kwenye kuanguka ndipo nilipotumia muda mrefu zaidi. Nilimhoji kama trafiki anayepima ajali barabarani: saa ngapi, wapi, ulivaa nini, ulishika nini, ulikuwa unatazama wapi.

Mara ya kwanza ilikuwa saa nane za usiku, njiani kwenda choo cha nje, ndala miguuni, simu ya tochi mkononi ikimulika mbele, si chini. Ndala ya kushoto ilimvuka hatua kadhaa nyuma na hakujua. Aliigundua asubuhi. Mara ya pili alikuwa ananawa uso: beseni liko chini, ameinama, sabuni usoni, macho yamefumbwa. Alitangulia kwa kichwa, na mstari wa kovu bado uko juu ya nyusi. Mara ya tatu ni kanisani, ambako hakufika chini. Na kuna la nne ambalo halikuwa kuanguka lakini nililiandika pamoja: mwezi wa saba, baridi ile ya kwetu, alikuwa anaota moto jikoni na mjukuu ndiye aliyesikia harufu. Soksi ilikuwa imeshika moto kisiginoni. Bibi alikuwa anaendelea kuchambua maharage.

Katika matukio matatu ya kuanguka, hakuna hata moja lililotokea mchana akiwa anatazama alipokanyaga. Yote yalitokea macho yalipokuwa gizani, yamefumbwa, au yameelekea kwingine. Kwa hiyo tatizo halikuwa "miguu dhaifu", kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya rufaa. Miguu yake ilikuwa na nguvu za mtu aliyelima mteremko miaka sitini, ingawa za vifundo zilikuwa zimepungua.

Swali la saa nane za usiku lilinipeleka kwenye dawa. Kwa nini anaamka? Kwa sababu ya mkojo. Kwa nini mkojo? Kwa sababu dawa zake za presha, mojawapo ikiwa ya kukojoza, alikuwa anazinywa zote jioni, "ili nisisahau". Nilipima presha amelala: 148 kwa 84. Dakika moja baada ya kusimama: 122 kwa 74. Upungufu wa 20 kwa ile namba ya juu unatosha kumtia mtu wasiwasi, na yeye alikuwa amepoteza 26. Juu ya hapo alikuwa anakunywa amitriptilini usiku, aliyoandikiwa kwa ajili ya ganzi. Ni dawa ninayoiona sana kwenye faili za wagonjwa wa namna hii. Kwa mtu mwenye maumivu ya kuungua inaweza kusaidia, lakini kwa mzee ina tabia ya kulewesha na kuporomosha presha anaposimama. Yaani alipewa dawa ya neva ili zisimsumbue, na dawa ikawa inasaidiana na neva kumwangusha.

Na Bibi hakuwa na maumivu. Nilimwuliza mara tatu kwa maneno matatu tofauti: kuungua, kuchomwa, kuwashwa. "Hapana, mwanangu. Hakuna kitu. Ndiyo shida yenyewe, hakuna kitu." Hapa ndipo watu wengi wanapopishana na mgonjwa. Dawa pekee ambayo chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kinaipendekeza kwa neva zilizoharibiwa na dripu ni duloksetini, na kinaipendekeza kwa maumivu. Hakuna kidonge kinachorudisha hisia iliyoondoka. Sindano za vitamini alizokuwa ananunua duka la dawa nazo hazikuwa na kazi, labda kama angepimwa akaonekana ana upungufu. Tena vitamini B6 ikizidi sana kwa muda mrefu huharibu neva zile zile unazodhani unazilisha.

Nilizungumza na daktari wake. Aliisimamisha amitriptilini kwa kuishusha pole pole, ile ya kukojoza akaihamishia asubuhi, akampunguzia kipimo cha nyingine, akamwandikia rufaa ya macho. Nilimkumbusha pia habari ya mifupa: anastrozoli hukausha homoni inayolinda mifupa, hivyo mwanamke wa miaka 71 anayeinywa akianguka, nyonga iko hatarini kuliko ya jirani yake wa umri huo huo. Hayo yote yalichukua dakika kumi za simu, na nadhani yalifanya kazi kubwa kama mazoezi yangu ya mwezi wa kwanza. Pengine kubwa zaidi.

Sasa kosa langu.

Wiki nne za mwanzo nilimfanyisha mazoezi idarani. Sakafu ya vigae, vyuma viwili vya kushika kulia na kushoto, kioo kikubwa mbele. Kusimama miguu pamoja, kusimama mguu mmoja ukitangulia nusu, kuinua visigino, kufikisha kidole cha mguu kwenye alama nilizobandika sakafuni, kuvuka vijiti. Mara mbili kwa wiki, kwa nauli aliyotafutiwa na binti yake wa Uyole. Alifanya vizuri. Kuyumba kulipungua hadi nilianza kujisifu moyoni. Mwisho wa wiki ya nne, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, akaanguka tena: mchana kweupe, kwenye kinjia cha kushukia chooni, akateguka kiganja.

Nilipaswa kulitegemea. Kuna utafiti uliochapishwa 2016, uliofanyika Arizona, Marekani, kwa wagonjwa 22 wa saratani wenye ganzi ya dripu, wastani wa umri miaka 70, karibu sawasawa na Bibi. Baadhi yao walivalishwa vifaa vidogo vya kupima mwendo, wakawa wanacheza mbele ya skrini kwa wiki nne: kufikisha kifundo kwenye alama, kuvuka vizuizi vya kwenye picha. Kuyumba wakiwa wamesimama kulipungua wazi kuliko kwa wenzao ambao hawakufanyishwa. Lakini walipofumba macho tofauti haikuonekana, mwendo wao wa kutembea haukubadilika, na hofu ya kuanguka ilibaki pale pale. Watu hunukuu nusu ya kwanza ya matokeo hayo. Mimi mwenyewe nilikuwa naijua nusu ya kwanza tu kwa moyo. Mwili hujifunza kile ulichofundishwa, mahali ulipofundishiwa. Nilikuwa nimemfundisha Bibi kusimama juu ya vigae mbele ya kioo, na kijijini kwake hakuna vigae wala kioo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari nikaenda kwake.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wake ni wa volkano, mweusi, laini, unaotereza ukilowa. Kutoka mlango wa nyuma hadi chooni ni hatua kumi na nne zangu, zote za kushuka, kati ya migomba na miparachichi michache. Hakuna cha kushika. Nilimwomba aniongoze anavyokwenda kila siku. Alitembea akiwa ameinamisha kichwa, macho yakipekua kila hatua, kama mtu aliyedondosha sindano. Katikati ya kinjia jirani alimsalimia kutoka juu. Bibi akainua uso kuitikia, na hapo hapo mguu wake ukasita hewani. Nilikuwa nyuma yake nimemshika mkanda wa kitenge. Salamu moja tu. Kwetu huku huwezi kutembea hatua kumi na nne bila kusalimiwa.

Kisha akaniuliza swali ambalo alikuwa hajaniuliza kule hospitali: lini atabeba tena kichwani. Ndizi, kuni, ndoo ya maji. Tangu ugonjwa uanze, ndizi zake zinashushwa sokoni na wengine na wanampa wanachotaka. Nilifikiri nimjibu "bado", lakini swali lile lilinifungua macho. Mzigo wa kichwani haukuruhusu kutazama miguu. Shingo lazima isimame, macho lazima yaende mbele, na njia uione kwa nyayo. Mwanamke wa huku ameishi hivyo tangu akiwa na miaka saba. Neva za unyayo ndizo zilikuwa jicho lake la chini, na ndizo dripu ilizokwenda nazo. Nilimweleza hivyo hivyo. Alikaa kimya, akasema, "Sasa hapo nimeelewa. Kule hospitali ulikuwa unanichezesha."

Tukaanza upya, na safari hii mazoezi yakatoka kwenye mwendo wa siku yake. Siku ile ile mjukuu na kijana wa jirani walichonga vidato kwenye kinjia kwa jembe, wakaweka mawe bapa, na upande mmoja wakafunga mwanzi mrefu wa kushika. Usiku kinjia hakitumiki kabisa: ndoo yenye mfuniko chumbani, na taa ndogo ya sola ukutani. Ndala zilipigwa marufuku. Binti alimletea raba za mtumba kutoka Mwanjelwa, za kufunga nyuma, soli nyembamba na ngumu, si zile nene laini kama godoro, maana soli ya godoro inameza hata kidogo alichobaki kukihisi. Beseni lilipandishwa juu ya meza, na uso unapanguswa kwa kitambaa, nusu kwa nusu, jicho moja likiwa wazi. Kila jioni mjukuu anatazama nyayo kama kuna jeraha. Mstari ulichorwa kwa mkaa sakafuni jikoni: miguu ya Bibi haivuki hapo, hata kuwe na baridi ya Makete.

Zoezi la kusimama lilihamia kwenye pembe ya chumba, kuta mbili nyuma yake na kiti mbele, ili akiyumba akutane na ukuta. Miguu pamoja, kisha nusu hatua, kisha kisigino mbele ya vidole. Kila mkao kwa beti moja ya wimbo wa kanisani aimbao polepole; nilipima kwa saa, beti ni sekunde 25 hivi. Akimaliza beti anarudia huku akigeuza kichwa kulia na kushoto, kama anayesalimia watu wa pande zote mbili za barabara. Hilo la salamu ndilo nililolipa uzito kuliko yote. Baadaye, wiki ya saba, alianza kuimba beti moja wakati wa machweo mlango ukiwa umefungwa, chumba kikiwa na giza la nusu.

Badala ya alama za sakafuni tuliweka magunzi matatu: simama kwa mguu mmoja, gusa kila gunzi kwa kidole cha mguu wa pili bila kuliangusha. Badala ya vijiti vya kuvuka, vigogo vya migomba uani, maana ukikikanyaga hakikuumizi. Kuinuka kitini bila mikono, kwenye kiti cha plastiki, si kigoda. Kuinua visigino na kuinua vidole, mikono kwenye meza, mpaka misuli ya muundi iwake. Kushuka vidato kwa ubavu, mkono kwenye mwanzi. Na jambo ambalo tunalisahau mno: jinsi ya kuinuka toka chini. Tulitandika mkeka, akalala, akageuka ubavu, akapiga goti, akashika kiti. Mara ya kwanza ilichukua dakika nne na akakasirika. Lakini hofu yake kubwa ilikuwa kuanguka shambani akae pale hadi mjukuu atoke shule, na hofu hiyo huwezi kuitoa kwa maneno.

Mkongojo aliukataa. Ni wa wazee, alisema, mtu wa miaka 71. Akakubali fimbo ya mwanzi iliyo ndefu hadi kifuani, kwa kuwa hiyo ni ya mtu anayekwenda shamba. Kwangu ilikuwa afadhali. Sikumpa fimbo ili aiegemee, nilimpa ili imwambie ardhi iko wapi. Tangu miaka ya 1990 imejulikana kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu kilichosimama imara, hata kwa mguso mwepesi usioweza kumbeba mtu, kuyumba kunapungua sana, kwa sababu mkono unapeleka ubongoni habari ambazo mguu umeacha kupeleka. Ndiyo maana kanisani naye alipewa dawa yake: wakati wa sala, kidole kimoja juu ya benchi la mbele, na macho yawe wazi. Aliuliza kama si dhambi. Nikamwambia amwulize mchungaji. Mchungaji alicheka.

Kuna lawama moja lazima niitoe, na haina jina la mtu. Bibi aliletwa kwangu miezi mitano baada ya dripu ya mwisho, baada ya kuanguka mara mbili na kuungua mara moja. Utafiti wa Ujerumani uliotoka 2024 ulichukua wagonjwa wakiwa ndiyo wanaanza dripu zinazojulikana kuua neva, ukawafanyisha mazoezi ya mizani ya mwili mara mbili kwa wiki, kati ya dakika 15 na 30, matibabu yakiendelea. Waliopata uharibifu wa neva walikuwa asilimia 30. Kati ya wale ambao hawakufanyishwa walikuwa asilimia 70.6. Dawa zao hazikuwa paklitakseli, na hilo nalikubali, lakini zoezi la kusimama kwa mguu mmoja kando ya kitanda cha dripu linagharimu nini? Mgonjwa amekaa pale saa nzima akitazama matone. Na "itaisha yenyewe" si jibu la kumpa kila mtu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017, wanawake 512 waliopona saratani waliulizwa, kwa wastani miaka sita baada ya matibabu, na asilimia 47 bado walikuwa na dalili za ganzi. Hao wenye dalili walikuwa wanaanguka karibu mara mbili ya wenzao.

Wiki ya 12, katikati ya mwezi wa kwanza. Kuinuka kitini, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kukaa: sekunde 19 mwanzoni, sasa 13. Juu ya 12 bado tunamhesabu mtu kuwa yuko hatarini, kwa hiyo bado yumo. Kuinuka kitini kwa nusu dakika: mara 7, sasa 11. Kisigino mbele ya vidole: mwanzoni hakuweza kabisa, sasa sekunde 7. Macho yamefumbwa: kutoka 4 hadi 9. Uma wa chuma kwenye kidole gumba: kimya kama mwezi wa kumi. Vifungo vya blauzi anafunga viwili vya chini mwenyewe.

Tangu wiki ya nne hajaanguka. Wiki nane ni chache, ingawa ni za mvua, na mvua za Rungwe si za kuchezea. Sehemu ya nafuu hiyo ni ya daktari aliyehamisha dawa, sehemu ni ya jembe la mjukuu, na sehemu inaweza kuwa ya muda wenyewe, kwa sababu ganzi ya paklitakseli kwa wengine hupungua miezi ikienda. Siwezi kuzipima mbali mbali. Ila uma ulinyamaza pale pale huku mwendo ukibadilika, ndiyo maana nasema hakupata neva mpya. Alijifunza kutumia alichobakiwa nacho.

Jicho la kulia limeshatolewa mtoto wa jicho. Siku bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza alichokitazama, kwa maneno ya binti yake, kilikuwa miguu yake.

Kuhusu mzigo hatukukubaliana kabisa. Mimi nilisema mgongoni, mzigo ufungwe kwa kanga kama mtoto, macho yabaki huru kuona chini na fimbo mkononi. Yeye alisema mgongoni hubebwa watoto. Nilipokwenda mara ya mwisho nilimkuta anashuka vidato, ndizi chache mgongoni, mwanzi mkono wa kulia, na mjukuu nyuma yake akilalamika kwamba watachelewa gari la saa tatu. Juu ya kichwa kulikuwa na kapu dogo la parachichi, tupu nusu. Aliponiona hakulishusha. "Shikamoo, Bibi," nilisema, na sikusema zaidi hadi alipofika kidato cha mwisho.

"Marahaba, mwanangu. Umeona? Nimekuitikia na sikusimama."

Kwenye faili niliandika: kapu kichwani, si zaidi ya kilo mbili, kinjia kikavu tu, mjukuu awe nyuma. Kurudi baada ya wiki sita. Jicho la kushoto lifuatiliwe.